Tonge Lililokataa Kushuka

Kasereka ni mwana wa Donat, Donat mwana wa Kamate, Kamate mwana wa Paluku, na katika majina hayo manne hakuna hata moja lililowahi kutajwa kwa aibu, kuanzia milima ya Lubero hadi Butembo. Paluku ndiye aliyeitwa wawili walipogombania mpaka wa shamba. Akishachomeka fimbo yake ardhini, hakuna aliyethubutu kuing'oa. Kamate alilima ngano na viazi, na mwaka wa njaa alifungua ghala lake kabla ya kuombwa. Donat alikuwa katekista kwa miaka thelathini na miwili, akizunguka vilimani kwa miguu, na waliofundishwa naye hawakuisahau katekisimu hata wale walioiacha. Naye Kasereka, mtoto wa tatu wa kiume kama jina lake linavyotangaza, alifundisha shule ya msingi miaka arobaini, kumi na saba ya mwisho akiwa mkurugenzi hapa Goma. Wako mawakili na wauguzi katika mji huu ambao mpaka leo wakimwona njiani hutoa mikono mfukoni.

Ukoo huu ulikuwa na desturi moja iliyohesabiwa kuwa fahari: hakuna aliyezungumza habari za mwili wake. Paluku alianguka shambani na jembe mkononi, na hata mke wake hakuwa amejua kwamba anaumwa. Donat aliugua miezi mitano, akakiri ugonjwa siku mbili tu kabla ya kufa. Jambo hilo lilisimuliwa matangani kwa sifa. Kasereka mwenyewe alilisimulia mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya heshima, wala haikumjia kujiuliza kama siku mbili zilitosha.

Mwaka huu ametimiza miaka sabini na mmoja. Ni mjane, naye anakaa katika uwanja mmoja wa nyumba na mwanawe Élisée, dereva anayeleta samaki kutoka Vitshumbi, ziwani, na ambaye kwa mwezi huonekana nyumbani siku saba au nane. Mke wa Élisée anaitwa Shida, binti wa Abdoul, wa jamaa ya Waislamu wa Maniema walioingia Goma kwa biashara zamani sana. Ndoa yao ina miaka mitatu. Palikuwa na minong'ono pande zote mbili kabla ya harusi, na Kasereka ndiye aliyeinyamazisha kwa kusimama na kusema kwamba yeye ameshamhoji binti huyo na amemwona ana akili, adabu na mikono safi. Tangu hapo hakuna aliyerudia.

Shida ana malewa kando ya barabara, kibanda cha mabati chenye mabenchi manne ambamo wamotari, waendesha pikipiki za abiria, na wachuuzi hula chakula cha mchana. Sifa yake ni fufu. Huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi nusu kwa nusu, akausonga mpaka hakuna donge hata moja, na watu walikuwa wakivuka barabara mbili kuifuata. Kila siku saa saba hutenga sahani ya baba mkwe wake, akaifunika kwa kitambaa na kumpelekea mwenyewe.

Sasa, ugonjwa wa Kasereka haukuanza jana. Ulianza kwa kiungulia, na yeye alilijua neno hilo na kulitumia ipasavyo, tofauti na watu wa nyumbani mwake ambao kila kitu kilichotokea kati ya kidevu na kitovu walikiita gastriti. Mtoto akikosa chakula, gastriti. Mwanamke akiudhiwa na mumewe, gastriti. Kasereka aliwaeleza mara ngapi kwamba gastriti ni ya tumbo, na kwamba kinachomsumbua yeye ni ule moto unaopanda nyuma ya mfupa wa kifua baada ya kula, na anapoinama kufunga kamba za viatu, na zaidi anapolala chali, pamoja na maji machungu yanayofika hadi mzizi wa ulimi. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamwuliza gastriti yake inaendeleaje.

Na kila mmoja alikuwa na dawa. Kahambu, binti yake, alimshauri maziwa baridi ya Masisi. Jirani alimletea bikaboneti katika karatasi. Mwanakwaya mmoja alimwambia atafune tangawizi, na wiki iliyofuata mwanakwaya huyo huyo akamwambia aache tangawizi. Yeye alichagua vidonge vyeupe vya kutafuna ambavyo vijana hubeba kichwani kwenye beseni, vikichanganyika na betri na nyembe. Vilimpa nafuu ya saa mbili. Alivitafuna miaka kumi na mmoja, akihesabu kuwa mtu anayevumilia kwa vidonge hajalalamika.

Baadaye kikaja kikohozi cha alfajiri. Sauti ikakauka. Jumapili moja, akisoma somo la kwanza kanisani, sauti ilimkatikia katikati ya jina la nabii, na ikabidi padre amngoje. Alisema ni vumbi la barabara.

Kisha, wiki moja baada ya Pasaka, tonge lilikataa kushuka.

Lilikuwa tonge la nyama ya mbuzi. Alilihisi likisimama kifuani kama mtu aliyefika mlangoni na kukuta pamefungwa. Alikunywa maji ili kulisukuma. Maji nayo yakasimama juu yake, kisha yakarudi. Alitoka uani, akasimama nyuma ya tangi la mvua na kujipiga kifua kwa ngumi mpaka likapita. Hakuna aliyemwona. Siku nne baadaye lilikuwa tonge la fufu. Mwezi uliofuata, mkate. Kasereka akaanza kula kijiko kimoja, viwili, kisha kuisukuma sahani kando na kusema neno moja lenye adabu: nimeshiba.

Siku moja Kahambu alimbana kwa maswali, naye kwa hasira akasema sentensi ambayo baadaye alitamani kuifuta kama inavyofutwa ubaoni. Alisema fufu ya siku hizi haiivi.

Sentensi hiyo ilisikiwa na Masika, dada yake mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Butembo kumtembelea kwa juma moja na ambaye juma hilo lilikuwa limeingia mwezi wa pili. Masika ni mwanamke wa macho makali. Aliona mkanda wa kaka yake umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Aliona shingo yake ndani ya ukosi wa shati ikionekana kama ya mtu aliyeazima shati. Na asubuhi moja alimkuta ameinama juu ya mbabula, jiko la makaa, anajipikia uji mwenyewe.

Lazima ieleweke maana ya uji ule. Katika Kivu, mzee anayeacha chakula cha mkwe wake na kujipikia mwenyewe katika uwanja ule ule amekwisha kutoa tamko, hata kama hajafungua kinywa. Huku kuna neno ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: karuho. Ni sumu ya polepole, wanavyoamini, inayofichwa chini ya ukucha wa mtu anayekuhudumia chakula. Aliyelishwa hukohoa, huungua kifua, hukonda, akafa bila daktari kuona kitu. Kasereka alikuwa na kikohozi, na kifua kinachoungua, na matundu mawili mapya kwenye mkanda. Kwa Masika hesabu ilikuwa imekamilika.

Hakulisema neno hilo kwa sauti. Alimwuliza tu jirani mmoja kama na yeye ameona jinsi kaka yake anavyokonda, na kama anajua mkwe ni wa watu gani. Hilo lilitosha. Baada ya majuma mawili benchi la kwanza la malewa likawa tupu, kisha la pili. Wamotari walikuwa wakisimama kwa mama mwingine ng'ambo ya barabara, ambaye fufu yake ina madonge, na kuila huku wamegeuza uso.

Shida alikuja kwa baba mkwe wake siku ya Jumatano, mchana kweupe, na sahani mikononi. Hakuiweka mezani.

“Papa,” alisema, “niambie. Fufu yangu iko na nini?”

Kasereka alijibu kwamba haina neno, ila ameshiba.

“Miezi mitatu unashiba na vijiko viwili? Papa, batu wanahesabu. Jana nilipika sufuria mbili, nikagawia mbuzi ya jirani sufuria moja muzima. Banasema nakulisha karuho. Kama umenichoka, unaambia Élisée, narudi kwa baba yangu na heshima yangu. Lakini ukiniacha ivi, hata kwa baba nitarudi na hilo jina.”

Kasereka alimtazama binti huyu ambaye yeye mwenyewe alimtetea kwa kinywa chake mbele ya jamaa mbili, akatafuta maneno. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa matatu tu: siwezi kumeza, mwanangu. Yaliposimama kifuani, palepale lilipozoea kusimama tonge, yeye akasema badala yake kwamba watu wa mtaa huu hawana kazi, na kwamba asiwajali. Shida aliichukua sahani na kutoka nayo. Mzee alibaki amekasirika. Kwanza na mtaa, kisha na dada yake, na kabla ya jua kuzama, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na yeye mwenyewe.

Jumapili baada ya Misa, Élisée akiwa ametoka ziwani usiku uliopita, Masika aliitisha kikao sebuleni. Kahambu alikuwepo. Shida aliketi karibu na mlango, kitambaa kimefunika nusu ya uso wake. Masika alisema mengi, na kwa ufupi yalikuwa haya: amempata mganga mmoja, Bashige, hodari wa kutapisha karuho kwa majani, atakuja Jumanne na sufuria yake, na mpaka kaka yake atakapotapika kile alicholishwa, mke wa Élisée angefanya vema kwenda kukaa kwao.

“Mutu anaoa Shida,” alimalizia, “halafu anashangaa kupata shida.”

Kahambu alicheka kabla ya kujizuia. Shida hakuinua macho.

“Shangazi, hilo jina nilipewa juu mama alipata taabu kunizaa. Ya hapa si mimi niliileta. Mimi nilileta sahani.”

Hapo Kasereka akasimama. Alisimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa la sita, kiganja juu ya meza, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba hakuna aliyemlisha kitu. Akasema kwamba anaungua kifua tangu kabla ya harusi hii. Akasema kwamba tangu Pasaka chakula kinamkwama, kwamba hata maji humrudia, kwamba fufu ya Shida imeiva na siku zote imeiva, na kwamba sentensi aliyosema juu yake ilikuwa uongo. Ilimchukua muda mfupi kuliko kusali Salamu Maria tatu, kisha akaketi. Alidhani jambo limekwisha. Mtu wa majina manne amesema. Nani angesema zaidi?

Masika alitikisa kichwa kwa huruma. “Yaya, kaka yangu, tangu lini wewe unasema juu ya mwili yako? Hata baba yetu hakusema. Ni karuho njo inakusemesha, ili imulinde ule aliyeileta.”

Kasereka alimgeukia mwanawe. Élisée alikuwa akitazama mikono yake, mikubwa, yenye magamba ya samaki kwenye kucha.

“Papa, kila siku nilikutelefonia nikiwa njiani Kiwanja, nikiwa ziwani, ukaniambia uko muzima. Miezi mitatu. Leo unasema hauwezi kumeza.” Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. “Nikamate neno gani, Papa? La miezi mitatu ama la leo?”

Hakuna aliyewahi kumwuliza Kasereka mwana wa Donat lipi kati ya maneno yake mawili ni la kweli. Alitaka kumkemea kwa kuthubutu. Kijana alikuwa sahihi. Neno lake, ambalo lilitosha kufunga minong'ono ya harusi, halikutosha tena kumlinda binti aliyeketi karibu na mlango, na aliyelipunguza thamani hakuwa Masika wala mtaa.

Alisema tu kwamba Bashige asubiri. Kesho atakwenda hospitali, na Masika atakwenda naye, aingie mpaka ndani, asikie kwa masikio yake mwenyewe. Na mpaka watakaporudi, hakuna atakayetoka katika uwanja huu.

Daktari aliyewapokea aliitwa Gisubizo, mwanamke ambaye kwa kumkadiria alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi Kasereka alipopewa ukurugenzi. Hilo lilimkera mzee kabla hata ya salamu. Zaidi lilimkera kwamba kila swali alilouliza daktari lilijibiwa na Masika. Daktari alimgeukia mama huyo kwa upole, akamwomba amwachie muzee kinywa chake.

Alimwuliza kifua kinaungua tangu lini. Kasereka alijibu kwamba ni kitambo.

“Muzee,” daktari alisema akiwa na kalamu juu ya karatasi, “kitambo si tarehe.”

Sentensi hiyo hiyo, karibu neno kwa neno, Kasereka alikuwa amewaambia watoto waliochelewa shule kwa miaka arobaini. Akakohoa, akasema: miaka kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Mara ngapi kwa wiki? Kila siku. Na kukwama? Juma la kwanza baada ya Pasaka. Kwanza nyama, kisha fufu, kisha mkate. Amepungua uzito bila kutaka? Akaonyesha mkanda. Ametapika damu, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa? Hapana. Choo kimekuwa cheusi kama lami? Masika aliinamisha uso kwa aibu. Kasereka, ambaye alikuwa ameshavuka mpaka, alijibu hapana. Maumivu ya kifua yaliyosambaa mkononi au kwenye taya, na jasho, na pumzi kukata? Hapana. Daktari alisema ni heri, kwa sababu hayo ya mwisho huenda si ya chakula bali ya moyo, na mtu mwenye hayo hangoji Jumatatu, hukimbizwa saa ile ile. Akauliza dawa anazomeza. Mzee akataja vidonge vya maumivu ya magoti, na daktari akaandika na kupiga mstari chini yake, kwani baadhi ya hivyo huunguza njia ya chakula.

Kisha akaeleza, naye alieleza vizuri. Mwalimu alilazimika kukubali. Mwisho wa umio, pale chakula kinapoingia tumboni, pana msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko. Ukilegea, asidi ya tumbo hupanda. Kiungulia cha mara moja baada ya karamu kila mtu hukipata. Lakini kikija mara mbili kwa wiki au zaidi, wiki kwa wiki, hicho kinahitaji kupimwa na kutibiwa, si kutafuniwa vidonge vya beseni. Kikohozi cha alfajiri na sauti iliyokauka vinaweza kuwa vya asidi hiyo hiyo. Na chakula kikianza kukwama, mtu hakai hata wiki moja bila kufika hospitali.

Kasereka alitetea vidonge vyake. Vilimtuliza, alisema.

“Vilikutuliza wewe,” daktari alisema. “Umio haukutulia.”

Alhamisi walirudi kwa fibroskopi. Kasereka alikuwa na njaa tangu jioni iliyotangulia, koo limetiwa dawa ya ganzi, akalala ubavu huku mpira mwembamba wenye kamera ukishuka mahali ambapo matonge yake yalikataa kupita. Haikuwa raha, na hakuna sababu ya kusema uongo mwingine. Ilichukua muda mfupi kuliko kipindi cha imla. Masika, aliyeng'ang'ania kuingia, alisimama kwenye kona akiwa ameshika rozari, macho kwenye kioo kilichoonyesha ndani ya kaka yake, rangi ya waridi na yenye unyevunyevu, mpaka pale picha ilipobadilika na njia ikawa nyembamba kama shingo ya chupa, yenye makovu meupe.

Baadaye daktari aliweka picha za rangi mezani. Umio ulikuwa umesinyaa kwa makovu ya asidi. Wangempa dawa ya kupunguza asidi, kidonge kila asubuhi nusu saa kabla ya kula, kisha wangeipanua njia polepole, labda mara mbili au tatu. Juu kidogo ya makovu palikuwa na sehemu ambayo ngozi ya ndani ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa amechukua vipande vidogo vya hapo kwenda maabara. Jibu ni baada ya wiki mbili. Kasereka aliuliza kama ni saratani. Daktari hakumzunguka: inaweza kuwa, na inaweza isiwe, na yeye hatatamka neno ambalo maabara haijatamka.

Masika aliweka rozari chini. “Dokta, usinicheke. Karuho hamuoni hapo?”

Gisubizo hakucheka. Alivuta kiti. “Mama, niliingia mpaka tumboni. Nilichoona ni kovu ya asidi, na kovu kama hii haitengenezwi na miezi mitatu. Hii imejengwa miaka kumi na zaidi.” Kisha akauliza, kwa kuwa uso wa Masika ulikuwa umebadilika: “Kuna mutu mulikuwa munashuku?”

Masika alihesabu kwa vidole juu ya goti, na Kasereka alijua anahesabu nini. Ndoa ina miaka mitatu. Kovu ni kuukuu kuliko ndoa. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama majani ya kutapisha yangedhuru. Daktari alisema kwamba umio uliosinyaa hivi, ukilazimishwa kutapika kwa nguvu, unaweza kupasuka, na aliyepasuka umio hufa mapema kuliko wa karuho yoyote.

Walipofika uwanjani Masika alitoa simu na kumpigia Bashige mbele ya watu wote, akamwambia asilete sufuria yake. Kisha akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, pamoja na Shida. Hakuomba msamaha kwa maneno. Hao ndio watu wa ukoo huu, wamefundishwa kutosema. Élisée alitafuta mawe mawili ya volkano yenye kimo sawa, akayaweka chini ya miguu ya kichwani ya kitanda cha baba yake, kwa kuwa daktari alitaka kichwa kiinuke, na akaondoka kwenda Vitshumbi akiwa ameahidiwa kwamba safari hii akipiga simu ataambiwa kweli.

Lakini mabenchi manne yalibaki matupu. Karatasi ya hospitali ilikuwa ndani ya nyumba, na neno lilikuwa barabarani. Jumamosi Kasereka alitazama kupitia dirishani jinsi Shida anavyopakua fufu katika sahani moja, yake mwenyewe, na kuila amesimama. Alielewa basi kitu kilichomkera kuliko mpira wa daktari: kwamba atalazimika kulisema tena, na safari hii mbele ya wamotari.

Alivaa koti, akafunga tai. Saa saba kamili alivuka uwanja na kuketi kwenye benchi la kwanza la malewa, yeye ambaye hakuwahi kula hadharani. Shida alishtuka, akamwuliza kwa macho. Mzee aliomba mchuzi wa samaki usio na miiba, na viazi vilivyopondwa laini, kama daktari alivyoagiza kwa sasa. Akala kwa kijiko kidogo, polepole, akitafuna hata kisichohitaji kutafunwa. Ng'ambo ya barabara vijana waligeuka kutazama. Mmoja wao, Murhula, motari mwenye mdomo mrefu aliyekuwa mteja wa Shida kila siku kabla ya haya, alivuka na kusimama mbele yake, mikono mfukoni.

“Mwalimu,” alisema, na wenzake wakasogea kusikia, “leo hauogope?”

“Toa mikono mfukoni,” Kasereka alisema.

Mikono ikatoka.

“Ninaogopa. Ninangoja jibu la maabara, na ninaogopa kila asubuhi. Lakini sikiogopi chakula cha mke wa mwanangu. Umio wangu umesinyaa kwa asidi ya miaka kumi na mitatu, nami nilikaa kimya kwa majivuno, na kimya changu ndicho kilichomtia binti huyu sumu. Si yeye aliyenitia mimi. Mkitaka picha, zipo. Dada yangu atawaonyesha, kwa kuwa yeye sasa anamwonyesha kila mtu.”

Mmoja alicheka nyuma. Kasereka alimtafuta kwa macho mpaka akaacha kucheka.

“Wewe mwenye koti la bluu, nimekuona ukinunua vile vidonge vyeupe Jumatatu, na Jumatano, na jana. Utakuja kesho uniambie ni tangu lini, na usiniambie kitambo. Na ninyi wote mnaokula sahani nzima usiku na kujitupa kitandani papo hapo, mngoje muda wa saa tatu kabla ya kulala. Kifua kikiungua mara mbili kwa wiki, nendeni mkapimwe. Tonge likikwama hata mara moja, au mkikonda bila sababu, au mkitapika damu, au choo kikiwa cheusi, msingoje Pasaka nyingine kama mimi. Kifua kikibana na jasho likitoka, msitafune kitu, kimbieni hospitali. Na mtu akikonda karibu nanyi, mwulizeni yeye anaumwa nini kabla ya kumtafuta wa kumlaumu. Mimi nimevunja desturi ya baba zangu watatu ili kuwaambia haya nikiwa nimeketi kando ya barabara na tai shingoni. Sitayarudia. Kaeni chini, mle, na mnisikie.”